Somo: Kuanzisha kituo cha wazee kijijini

Wengi mmeuliza jengo litagharimu kiasi gani. Jengo liacheni kwanza. Anzeni na orodha.

Hatua ya 1. Piteni kitongoji kwa kitongoji na mwenyekiti wake. Andikeni kila mwenye miaka 60 na kuendelea, maana ndivyo Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inavyomtambua mzee. Ulizeni anaishi na nani, nani anamchotea maji, kama ana kitambulisho cha taifa (cha NIDA). Bibi anayelea wajukuu peke yake na mzee asiyetoka kitandani wawekewe alama, kwani hao ndio husahaulika.

Hatua ya 2. Chagueni siku moja ya wiki ya wazee kukutana, isiyogongana na gulio. Darasa au ofisi ya kijiji inatosha, mradi choo kiwe karibu na uji uwepo.

Hatua ya 3. Ombeni zahanati ilete muuguzi kila mwezi apime presha na sukari. Ambaye presha yake ni 140/90 au zaidi apimwe tena siku nyingine. Wasiojiweza wafuatilieni msamaha wa matibabu kwa mtendaji na afisa ustawi wa jamii. Mzee akiambiwa "njoo kesho" mara mbili, harudi tena.

Hatua ya 4. Hii naisisitiza. Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, eti kwa sababu macho yao ni mekundu, wakati wamepikia kuni na kinyesi cha ng'ombe maisha yao yote. Wajengeeni majiko banifu, wapelekeni kliniki ya macho, na jambo hili lisemwe wazi kwenye mkutano wa kijiji, vijana wakiwepo. Kituo kinachompa bibi uji kisha kikanyamaza anapoitwa mchawi hakijamlinda.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mama. Kwetu wanaume wanakuja, akina bibi hawaonekani.*
Marahaba mwanangu. Tazameni saa. Asubuhi bibi yuko kisimani na jikoni. Sogezeni iwe alasiri, na aje na wajukuu.

*Tunaweza kuombea kituo ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayokopeshwa vikundi?*
Ile imegawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu. Wazee hawana fungu lao, jambo linaloniuma. Tena ni mkopo, unarejeshwa, kwa hiyo msiununulie uji. Wakati wa mavuno kila kaya itoe unga kidogo, uwekwe ghala moja.

*Babu yetu amepooza, hawezi kufika.*
Basi kituo kimfuate. Wawili waende kwa zamu, wawafundishe wa nyumbani kumgeuza kila baada ya saa 2 hivi na kukagua kiuno, nyonga na visigino. Ngozi ikibadilika rangi, na ukibonyeza alama haipotei, muuguzi aitwe siku hiyo hiyo, kidonda kisijapasuka.