Ile picha ya ndovu uliyopiga ukiwa SGR: vile unaifanya nyeusi na nyeupe ya kutundika ukutani

Tuseme umetoka Nairobi na treni ya asubuhi, mmefika Tsavo, mtu akaita "ndovu!" nawe ukatoa simu ukapiga kupitia dirisha. Ndovu wa Tsavo ni wekundu juu wanajimwagia ile vumbi ya huko, na vichaka nyuma yao ni kijani. Sasa ukishusha tu saturesheni (nguvu ya rangi) hadi sifuri, ndovu anapotea, juu ule wekundu na ule ukijani mara nyingi vina mwangaza unaokaribiana, vyote vinageuka kijivu kimoja. Watu wengi wakifika hapo wanasema simu yao haiwezi. Inaweza kabisa.

Kwanza kata ukingo wa dirisha na unyooshe picha. Halafu kwa Lightroom ya simu, app ya kuhariri picha, ingia kwa rangi, bonyeza B&W (nyeusi na nyeupe), fungua mix yake. Kuna slaida nane, vile vitufe vya kuvuta, kila moja na rangi yake, juu hata kama unaona kijivu faili bado imeshika rangi zote, na wewe ndo unaamua kila rangi iwe nyeusi kiasi gani. Pandisha nyekundu na chungwa, ndovu anatoka mbele. Shusha kijani, vichaka vinarudi nyuma. Nyasi kavu ziko kwa njano, hizo jaribu pande zote mbili uone. Bluu ukishusha anga inaingia giza na mawingu yanajitokeza vizuri sana, lakini usiivute mpaka mwisho, anga itajaa chembechembe na mgongo wa ndovu utapata mstari mweupe mbaya. Hapa chukua muda wako, kazi yenyewe iko hapa.

Kama kuna mtu kwa picha, chungwa iguse kidogo tu, ngozi zetu ziko hapo. Naomba sana, usimgeuze mtu rangi ya majivu ati ndo udongo ung'ae.

Kioo cha treni kinaacha ukungu, so ongeza kontrasti na dehaze (ya kuondoa ukungu) kidogo, kisha shusha slaida ya blaki mpaka kuwe na mahali peusi kweli, kama chini ya tumbo la ndovu. Ukitaka kumalizia, Snapseed ni app ya bure na ina brashi ya kuongeza na kupunguza mwanga: pembe na uso zipe mwanga, kona zipunguzie.

Ya kuprinti usiitume WhatsApp kama picha ya kawaida, inabanwa, itume kama dokumenti. A4 kwa dpi 300 (nukta 300 kwa inchi) inataka pikseli 2480 kwa 3508. Waambie watu wa kuprinti wakutolee ndogo kwanza kwa karatasi ya mat (isiyong'aa) uiangalie nje kwa mwanga wa jua, juu printa nyingi zinachanganya wino za rangi na kijivu kinaweza toka na ukijani au uzambarau, na hiyo warekebishe kabla hujalipia kubwa.