SOMO: Fuata maji kutoka baharini hadi barafu ya Kibo

Habari za leo wapendwa. Wengi tulikariri shuleni kwamba barafu huyeyuka ikawa maji, maji yakachemka yakawa mvuke. Ni kweli, lakini barafu ya Kibo, kilele kirefu zaidi cha Kilimanjaro, haifuati mpangilio huo. Twendeni hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Anzia jikoni. Chemsha birika, kisha uangalie mdomo wake kwa karibu. Kabla ya lile wingu jeupe kuna nafasi ndogo isiyoonyesha kitu. Hapo ndipo penye mvuke, na mvuke hauonekani. Lile jeupe ni maji tayari, matone madogo mno. Baharini ni vivyo hivyo, ila huko maji hayahitaji kuchemka: jua na upepo vinatosha kuyageuza mvuke kimyakimya.

Hatua ya 2: Panda na upepo. Upepo wa Bahari ya Hindi ukikutana na mlima hupanda, na kila mita 1,000 hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6 hivi. Mvuke ukipoa unakuwa matone. Ndiyo maana msitu wa Kilimanjaro una ukungu na miti yenye kuvu na nyuzi za kijivu zinazoning'inia kama ndevu na kudondosha maji hata siku isiyo na mvua.

Hatua ya 3: Kibo, mita 5,895. Hapa nataka tutulie. Hewa ni baridi, kavu na nyepesi, na jua ni kali. Barafu nyingi hapo haipitii hali ya maji kabisa: inageuka mvuke moja kwa moja na kuondoka na upepo. Utaona hata nyumbani, vipande vya barafu vikisahaulika kwenye friza miezi kadhaa vinapungua bila tone kudondoka.

Kazi hiyo inahitaji joto jingi. Kuyeyusha kilo 1 ya barafu kunahitaji kilojuli 334 hivi, lakini kuigeuza mvuke moja kwa moja kunafika karibu 2,830, zaidi ya mara nane. Kwa hiyo hewa kavu huila barafu polepole. Hata hivyo, kati ya 1912 na 2007 Kilimanjaro ilipoteza takriban asilimia 85 ya eneo lake la barafu. Inaniuma kila nikitazama picha za zamani.

Hatua ya 4: Rudi chini. Mvua inazama ardhini, inaibuka kwenye chemchemi, inaingia mifereji ya Wachagga na mto Pangani, kisha baharini.

MASWALI

*Mwalimu, barafu ikiisha sisi wa Moshi tutakosa maji?*
Hapana ndugu yangu. Maji mengi ya chemchemi na mito yenu yanatokana na mvua na ukungu wa msituni. Barafu inachangia kidogo sana. Mkikata msitu, hapo ndipo pa kuogopa.

*Mkuu, nilipanda mwaka jana, wapagazi wakaniambia maharage hayaivi kule juu. Ni kweli?*
Ni kweli. Kileleni kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, ni karibu nusu ya ile ya pwani, hivyo maji huchemka kwenye nyuzi 80 hivi. Yanatokota, lakini hayana joto la kuivisha maharage.

*Shikamoo mwalimu. Huku Njombe mwezi wa sita tunakuta weupe kwenye majani asubuhi. Umeanguka kutoka mawinguni?*
Marahaba mwanangu. Haukuanguka. Ni sakitu, na ni safari ya Kibo iliyogeuzwa: mvuke unakuwa barafu bila kupitia maji. Usiku usio na mawingu jani hupoteza joto kuelekea angani hadi kushuka chini ya sifuri, na mvuke unaoligusa unagandia hapo hapo. Chunguza miche iliyo chini ya mti. Mara nyingi inapona, kwa sababu matawi yanazuia joto lisipae lote.