Kabla Korongo Halijajaa: Mambo ya Kuzingatia Dodoma

Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Kwa hiyo wataalamu wa hali ya hewa na watu wa mashirika ya misaada wakutane Oktoba, vumbi likiwa bado linatimka. Wakisubiri kukutana kwenye mahema ya waathirika wa mafuriko, wamechelewa.

Wakishakaa, wasome utabiri pamoja, na neno "chini ya wastani" lisiwape usingizi. Mwelekeo wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa huhesabu mvua ya miezi yote. Mvua hiyo hiyo kidogo inaweza kushuka kwa siku mbili tatu. Tena makorongo yetu hayangoji mvua ya hapa: umesimama kwenye mchanga mkavu, jua linawaka, kumbe maji ya milimani yako njiani. Watu wa Mpwapwa hawajasahau mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, yaliyoing'oa reli ya kati baina ya Kilosa na Gulwe.

Halafu lugha. Kwenye kikao kimoja cha kijiji, mtaalamu alituonyesha ramani ya rangi na kutaja milimita 50 za mvua. Mama mmoja anayelima mboga kando ya korongo akauliza, "Hizo milimita, mwanangu, zinafika kwenye kifundo au kiunoni?" Kikao kizima kikanyamaza. Milimita 50 kwenye ekari moja ni lita laki mbili za maji, na yakikuta ardhi ngumu, mengi hukimbilia korongoni. Lakini hata hesabu hiyo haimjibu mama yule. Kinachomjibu ni alama za rangi kwenye nguzo ya daraja au shina la mbuyu, zilizopimwa na mtaalamu na kuchorwa na wanakijiji: maji yakifika hapa, hamisha watoto, yakifika hapa, acha kila kitu.

Pesa ndiyo hurukwa zaidi. Ikubalike kwa maandishi kwamba tahadhari ya rangi ya chungwa, ile iliyo chini ya nyekundu, ikitoka, nani anatoa lori, nani anaweka mafuta, ghala linafunguliwa na nani. Nimewahi kujitolea mahali ambapo mablanketi yalikaa siku nne yakingoja sahihi, watu wakilala nje na watoto wachanga. Bado inaniuma.

Wanajiolojia nao waitwe, maana Desemba 2023 kule Katesh yaliyoshuka kutoka Mlima Hanang hayakuwa maji tu, yalikuwa matope, mawe na magogo. Taasisi yao ya taifa ipo hapa hapa Dodoma.

Kamati ya maafa ya kijiji iwe na orodha ya wazee, wajawazito na wenye ulemavu. Nyumba za tembe zikaguliwe nguzo, kwani paa la udongo likilowa huelemea. Na namba ya mwenyekiti wa kijiji kilicho upande wa juu wa korongo, maji yanakotokea, iandikwe kwa herufi kubwa kwenye ukuta wa ofisi, isibaki kwenye simu ya mtu mmoja inayoishiwa chaji usiku.