Ubao wa magurudumu wenye uso wa vinia, hatua kwa hatua

Kijana aliyeniletea kazi yangu ya kwanza ya aina hii alitoka Kitintale, kule vijana wa Kampala walikojijengea uwanja wao wa zege wa kuchezea skeitibodi. Alitaka ubao mrefu wa kusafiria barabarani, uso wake uwe mvule. Nilibandika vinia ya mvule upande wa juu peke yake, nikapiga msasa, nikapaka vanishi, nikamkabidhi. Siku ya tatu alirudi, akaulaza juu ya meza yangu, akabonyeza pembe moja. Pembe ya pili ikainuka.

“Fundi, mbona ubao unacheza?”

Nilimrudishia pesa yake. Kosa lilikuwa langu: nilidhani vinia ni pambo. Vinia ni mbao, hata ikiwa nyembamba kama karatasi ya daftari. Inanyonya unyevu na kutanuka, inakauka na kunywea, na ikibanwa na gundi upande mmoja inauvuta ubao mzima kuelekea kwake. Ukibandika juu, bandika na chini.

Utaratibu ninaoufuata sasa nimeuchukua kwa watu wanaojitengenezea skii za theluji. Skii ina kiini cha mbao, faibaglasi (kitambaa cha nyuzi za kioo) juu na chini ya kiini, na wengine humalizia uso wa juu kwa vinia. Chini kabisa wao huweka plastiki ya polithini yenye kingo za chuma ili iteleze. Sisi hapa hatuna theluji ya kuteleza, kwa hiyo mahali pa plastiki naweka vinia ya pili. Mpangilio wa tabaka mwingine wote unabaki uleule.

Vipimo vya ubao ninaoueleza ni sentimita 100 kwa 24. Utahitaji vipande vitatu vya plaiwudi ya milimita 4 iliyogundishwa kwa gundi isiyoogopa maji, vinia mbili za milimita 0.6, na vitambaa viwili vya faibaglasi vya gramu 200 kwa mita ya mraba. Kata vyote viwe 105 kwa 28 ili ubaki na ziada ya kupunguza. Epoksi, yaani gundi ya kuchanganya resini na kigumu chake, gramu 350 hivi inatosha. Ndeeba, hapa Kampala, utapata plaiwudi. Ipime kwa macho kabla ya kulipa: itazame ubavuni, ukiona tundu katikati ya tabaka, iache. Tundu hilo ndipo ubao utakapovunjikia.

Kalibu

Ubao mzuri una mgongo kidogo, ukiuweka chini katikati panainuka. Kata mbavu tano za plaiwudi nene au MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa), zote kwa kiolezo kimoja, zenye upinde wa milimita 12 katikati ya umbali wa sentimita 65. Zisimamishe kwa nafasi sawa, zifunike kwa hadibodi, paka nta ya viatu isiyo na rangi mara tatu na uipanguse kila mara. Usiharakishe hapa. Kalibu ikiwa na msokoto, ubao utatoka na msokoto huohuo, na hakuna msasa wa kuuondoa.

Kuandaa vinia

Chagua vipande viwili vilivyofuatana kutoka kwenye mti mmoja. Kimoja kiende juu, kingine chini, nyuzi za vyote zikielekea urefu wa ubao. Mvule wa juu na musizi wa chini hupendeza machoni, lakini miti hiyo miwili hainywei sawa, na tutarudi kulekule kwa kijana wa Kitintale.

Kama vinia haitoshi upana, unganisha mbili ubavu kwa ubavu. Zibane kati ya mbao mbili zilizonyooka, pitisha randa kwenye kingo zote mbili kwa pamoja, halafu zishike kwa selotepu ya karatasi upande utakaokuwa nje. Mvule una mafuta yake ya asili, kwa hiyo upangusie asetoni upande wa gundi na kitambaa safi, subiri ikauke, na ugundishe siku hiyohiyo.

Mimi hutumia vipande vya milango ya zamani inayobomolewa. Mvule uliosimama msituni umepungua sana Uganda, na mlango wa miaka hamsini una mbao iliyokwisha kutulia.

Epoksi

Hapa ndipo kazi nyingi zinaharibika. Mafundi wetu wa bodi za magari wamezoea resini ya poliesta, ambayo ukitaka ishike haraka unaongeza matone ya kichocheo. Epoksi haiko hivyo. Kigumu chake ni nusu ya mmenyuko wenyewe. Ukizidisha au ukipunguza, kuna sehemu itabaki laini milele. Soma chupa, pima kwa mizani ya dijiti ya jikoni, koroga dakika tatu ukikwangua kuta na sakafu ya chombo.

Joto nalo. Epoksi ikikaa nyingi kwenye kikombe inajipasha yenyewe, inaanza kutoa moshi, na inaganda ukiishika mkononi. Changanya gramu 100 kwa mara moja, kisha imwage kwenye trei pana. Mimi huanza saa moja asubuhi, kabla mabati hayajashika jua.

Vaa glavu kila mara, hata kwa kazi ya dakika tano. Ngozi inaweza kuvumilia epoksi mwaka mzima kisha siku moja ikaikataa, na mzio huo ukishaingia hautoki.

Kupanga tabaka

Tandika nailoni juu ya kalibu. Vinia ya chini kwanza, uso wa nje ukitazama nailoni. Paka epoksi, laza faibaglasi, isukume kwa kipande cha plastiki kutoka katikati kwenda kingoni mpaka kitambaa kionekane kama kimepotea. Kikibaki cheupe, kina njaa, kikielea, umezidisha. Fuata na plaiwudi tatu, kila moja ikipakwa, kisha faibaglasi ya pili na vinia ya juu. Funika kwa nailoni nyingine na hadibodi iliyopakwa nta, ili mgandamizo ufike sawasawa.

Piga vijiti viwili vya mbao kwenye ziada ya kingo, kila mwisho kimoja, vipite tabaka zote, na uvikate usawa wa hadibodi visije vikatoboa mfuko. Epoksi mbichi ni kama mafuta, na tabaka zisiposhikwa zitateleza ukianza kugandamiza.

Kugandamiza

Unaweza kutumia klempu ishirini na mbao za kubania. Mimi natumia hewa. Compresa ya friji iliyotupwa, ukiunganisha bomba upande wake wa kuvuta, ni pampu nzuri ya kunyonya hewa. Fundi friji akutolee gesi kwanza kwa njia inayofaa, usikate bomba mwenyewe. Mfuko ni nailoni nzito, kingo zake zimezibwa kwa ile mpira laini ya kubandikia vioo vya magari. Ndani, juu ya hadibodi, weka blanketi kuukuu ili hewa ipate njia.

Kampala iko karibu mita 1,190 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani. Hata hivyo, pampu ikitoa asilimia 80 ya hewa, ubao huu unakandamizwa kwa uzito wa zaidi ya tani moja na nusu, sawia kila mahali. Klempu hazifanyi hivyo.

Kuna kifaa kimoja usikikose: vavu ya njia moja, ile inayokaa kwenye bosta ya breki ya gari. Soko la Kisekka, Kampala, zimejaa. Niliwahi kufanya kazi bila vavu hiyo, umeme ukakatika saa mbili baada ya kufunga mfuko, hewa ikarudi kupitia pampu. Nilipofungua kesho yake vinia ilikuwa na uvimbe wa ukubwa wa kiganja, na ukigonga unasikia sauti ya utupu. Sasa mfuko unabaki umebana hata umeme ukikatika. Compresa inapata moto ikivuta muda mrefu, basi ipumzishe mgandamizo ukishatulia.

Acha saa 24. Usichungulie.

Kukata na kumalizia

Chora umbo, kata kwa jigso yenye meno madogo, ukibandika selotepu juu ya mstari ili vinia isichanike. Vaa barakoa, vumbi la kioo si la kuvuta. Uso upige msasa namba 180 kwa mkono tu, ukifuata nyuzi. Una milimita 0.6, na mashine itakufikisha kwenye kioo kabla hujashtuka.

Kwa matundu ya ekseli, kiolezo cha kawaida ni milimita 41.3 kwa upana na 54 kwa urefu, tundu la milimita 5. Toboa kutokea juu, chini ukiwa umebana kipande cha mbao taka.

Paka vanishi ya nje yenye kinga ya jua, koti tatu, maana epoksi tupu hugeuka manjano. Msasa mweusi wa kukanyagia, ule unaobandikwa juu ya skeitibodi, utaficha mvule wako wote, hivyo kwenye koti ya mwisho, ikiwa bado mbichi, nyunyiza mchanga mweupe wa ziwani uliooshwa, ukakaushwa na kupitishwa kwenye chujio la chai. Miguu inashika, na nyuzi zinaonekana.

Subiri wiki moja kabla ya kufunga magurudumu. Kwa barabara zetu chukua makubwa na laini, milimita 70, ugumu wa 78A. Kabla ya kumkabidhi mtu, uweke juu ya matofali mawili mahali pa ekseli, panda katikati, shuka. Halafu ulaze mezani na ubonyeze kila pembe.