Taa ya nyuma ikififia, fuata ethi

Gari langu ni la mwaka 1993, na ugonjwa wake ulikuwa huu: nikikanyaga breki, taa ya breki ya kushoto inawaka kinyonge, na indiketa ya upande huohuo inaacha kupepesa. Nilibadilisha balbu. Nikabadilisha na fyuzi, ingawa ile ya zamani ilikuwa nzima. Hali ikabaki vilevile. Tangu siku hiyo sinunui kifaa chochote cha umeme kabla sijapima.

Dalili yenyewe ilikuwa inasema. Taa moja ikimvuruga jirani yake, mara nyingi ethi wanayotumia pamoja (waya unaofungwa kwenye bati la bodi ili umeme urudi kwenye betri) imelegea au imeliwa na kutu. Umeme ukikosa njia yake ya kurudi kwenye betri, unapitia kwenye balbu nyingine, ndiyo maana unaona taa usiyoiwasha inang'aa nusunusu.

Anza na betri. Gari likiwa limezimwa muda mrefu, betri iliyojaa husoma volti 12.6 hivi kwenye mita ya umeme (multimita), ikisoma 12.2 imebaki kama nusu, ichaji kwanza. Safisha vichwa vyake na uvikaze.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo nilipopoteza siku nzima. Nilichomoa balbu, nikapima kwenye holda (kishikio cha balbu), nikapata volti 12 kamili, nikaamini waya zote ni nzima. Kumbe mita haivuti umeme wa kutosha kuonyesha ubovu. Waya uliobakiwa na uzi mmoja tu ndani bado utasoma 12, lakini ukiupa kazi ya kuwasha balbu, unashindwa. Balbu ya breki ya wati 21 inahitaji karibu ampea 1.75. Kwa hiyo pima taa ikiwa inawaka.

Rudisha balbu, mwombe mtu akanyage breki na asiachie. Weka mita kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Waya mweusi wa mita uguse hasi ya betri (utahitaji kuurefusha kwa waya mwingine mpaka nyuma), mwekundu uguse ethi ya holda. Ethi nzuri husoma chini ya 0.2. Yangu ilisoma 3.8! Hizo ni volti ambazo balbu ilikuwa inanyimwa.

Ukishapata namba kubwa, usihangaike kufumua waya zote. Acha mweusi palepale, sogeza mwekundu hatua kwa hatua kuelekea betri: holda, pini, kichwa cha waya, bolti, kisha bati la bodi lenyewe. Mahali namba inapoporomoka, kosa liko kati ya hapo na hatua uliyotoka. Kwangu kichwa cha waya kilisoma 3.7, na bati lililo sentimita mbili pembeni yake likasoma 0.1.

Nilifungua bolti hiyo, nyuma ya zulia la buti. Chini ya kichwa cha waya palikuwa na unga wa kijani, na chini ya unga huo kutu ya kahawia imekula bati. Nilisugua kwa msasa pande zote mbili mpaka chuma kikang'aa, nikakaza vizuri, nikapaka grisi juu ili maji yasiingie tena. Breki ikakanyagwa: 0.08, na indiketa ikapepesa.

Ethi ikiwa safi lakini taa bado inafifia, pima upande wa chanya vivyo hivyo, kutoka chanya ya betri mpaka chanya ya balbu. Ikizidi 0.5, kagua swichi ya breki na pini za fyuzi. Tafadhali usiweke fyuzi kubwa kuliko iliyoandikwa. Badala ya fyuzi kukatika, utaungua waya.

Kama taa za gari lako zimefungwa kwenye mlango wa buti, vuta ule mpira unaopitisha waya kwenye bawaba. Waya hukunjwa hapo kila buti linapofunguliwa, na kwenye magari ya umri huu nimekuta zimepasuka ganda na kukatika ndani. Lehemu kipande kipya kirefu kidogo, ili kisivutwe mlango ukifunguka.