Kibodi ya mekanikali ofisini bila kusumbua wenzako: anza na spesiba

Natumia kibodi ya mekanikali, ile ambayo kila kitufe kina swichi yake chini, kila siku kazini, ofisi ya kutoa mizigo bandarini hapa Dar, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka jioni ni kuingiza namba za makontena, invoisi, majina ya wateja, na vidole vimeshazoea, sirudi tena kwenye zile kibodi laini ambazo ukibonyeza hujui kama namba imeingia au haijaingia. Shida ni kwamba tumekaa watu tisa chumba kimoja na dada anayekaa kulia kwangu kazi yake ni simu, anaongea na wateja kutwa nzima. Siku moja akanigeukia akaniambia taratibu kabisa, "Kaka, mteja ananiuliza ni nini hicho kinagonga." Hakusema kwa ubaya, ila iliniuma, maana mtu akishindwa kusikilizana na mteja kwa sababu yako hiyo sio kero ndogo, ni kazi yake unaiharibu. Ndo nikaanza kuchimba hii habari, nikafungua kibodi, nikanunua vitu vingine vikawa havifai, na sasa hivi nipo pazuri, kwa hiyo naandika yote hapa ili mwingine asipite njia ndefu niliyopita mimi.

Kabla hujatoa hata shilingi, sikiliza kwanza. Watu wengi wanasema tu "kibodi ina kelele" halafu wanaagiza kitu cha kwanza wanachokiona mtandaoni, kumbe kelele zenyewe zipo za aina nne na kila moja ina dawa yake. Kuna kliki, ile sauti kali ya makusudi iliyojengwa ndani ya swichi. Kuna kugonga, kitufe kinapofika chini na kinaporudi juu, na hii ya kurudi juu watu wanaisahau kabisa. Kuna kuchakarika kwa vitufe virefu, spesiba, Enta, Shifti, Bekispesi. Halafu kuna mwangwi, yaani kasha la kibodi likiwa tupu ndani pamoja na meza unayotumia vinageuka kama ngoma. Chukua simu yako, washa kinasa sauti, iweke kwenye kiti cha jirani yako sio mbele yako, afu andika aya moja kama unavyoandika siku zote. Sauti inayokusumbua wewe na inayomfikia mwenzako sio lazima iwe moja. Mi nilikuwa nadhani tatizo ni vitufe vyote, niliposikiliza ile rekodi nikakuta kinachosikika kuliko vyote ni spesiba. Ihifadhi hiyo rekodi, utaihitaji kulinganisha kila ukibadilisha kitu.

Sasa tuingie kwenye swichi. Swichi huitwa kwa majina ya rangi, na kama yako ni Blue, ya Cherry au ya kampuni yoyote iliyoiga, usihangaike kuituliza. Ndani yake kijiti cha katikati kimegawanyika vipande viwili, kimoja kinaruka na kugonga, ndo hiyo kliki, na ukijaza grisi pale hutapata swichi tulivu, utapata swichi iliyokufa, haina kliki na haina raha. Kailh Box White nayo ni hivo hivo, ina kaupau kembamba ka chuma kanakotoa kliki. Hizo peleka nyumbani. Ushauri unaotolewa sana ni "nunua Brown, ni za ofisi", na hapa nasema wazi sikubaliani nao. Brown haina kliki, kweli, ina kauvimbe kadogo tu katikati ya safari, lakini inagonga chini na inagonga juu sawasawa na Red, ile inayoshuka moja kwa moja bila uvimbe. Ukitoka Blue kwenda Brown utaona tofauti kubwa, ila kwenye chumba cha watu tisa bado unasikika vizuri tu.

Unachotaka ni swichi zilizotengenezwa kuwa kimya, kwa majina yao utaona neno Silent. Siri yake ni ndogo, kwenye kile kijiti cha katikati wameweka vipande vya mpira laini, chini na juu, kwa hiyo plastiki haikutani na plastiki kavu kavu. Cherry ya Ujerumani wana MX Silent Red, uzito wake wa kubonyeza ni ule ule wa Red ya kawaida, 45 cN (kama gramu 46), ila kwa sababu ya mpira safari ya kitufe inapungua kutoka milimita 4 hadi 3.7. Gateron wana zao za Silent kwa rangi kadhaa. Ukipenda kusikia kauvimbe chini ya kidole lakini kimya, tafuta Boba U4, zipo za gramu 62 na 68, na hakikisha ni U4 sio U4T, maana hiyo yenye T mwishoni ni ndugu yake mwenye sauti nzito, wengi wanakosea hapo. Kwa mwenye bajeti ndogo kuna Outemu Silent, zile za Peach na Lemon, Peach inashuka moja kwa moja na Lemon ina uvimbe, na kwa bei yake zinafanya kazi nzuri sana.

Nikuambie mapema ili usije ukashtuka, hizi swichi kimya zina hisia tofauti, ukifika chini ni kama umekanyaga zulia badala ya sakafu. Siku mbili za kwanza sikuzipenda kabisa. Wiki ya pili nilishasahau. Kama unaweza kupata swichi moja moja za kujaribu kabla ya kununua seti nzima, fanya hivo, hata ukibonyeza moja mkononi tu utajua kama mtaelewana.

Kabla ya kuagiza swichi jua kibodi yako ni ya namna gani, na hapa naomba usome polepole kwa sababu ndo pesa zangu zilipopotelea. Kwanza, je, ni hotiswapu? Yaani swichi inachomolewa kwa kikoleo na nyingine inachomekwa, bila kulehemu. Ng'oa kepu moja, yaani kile kifuniko cha kitufe, shika swichi juu na chini kwa kile kikoleo, vuta wima. Ikitoka, vizuri. Ikigoma usilazimishe, huenda imelehemiwa kwenye bodi, kile kibao cha umeme cha ndani. Pili, kama ni hotiswapu, soketi zake zinakubali swichi gani? Baadhi ya kibodi za bei ya chini zina soketi nyembamba zinazopokea pini za Outemu peke yake, na mi niliuziwa swichi za kampuni nyingine na duka ambalo liliniapia kuwa "zinaingia zote", zilipofika hazikuingia hata moja na kurudisha ikashindikana. Tatu, kuna kibodi za swichi za mwanga, zile za optiko, hizo hazipokei swichi za kawaida hata kidogo. Nne ndo nyepesi, swichi zipo za pini 3 na za pini 5, hizo mbili za ziada ni vimiguu vya plastiki tu, kama bodi yako haina matundu yake unavikata kwa kikata kucha na maisha yanaendelea.

Wakati wa kuchomeka angalia kila swichi, pini zake za shaba ziwe zimenyooka, maana ikiingia imepinda inakunjika chini na hicho kitufe hakitaandika, utadhani umeua bodi kumbe ni pini. Kama umefungua kibodi, weka kidole nyuma ya soketi unapobonyeza, zile soketi zimeshikiliwa na lehemu kidogo tu zinaweza kubanduka. Idadi nayo hesabu vitufe vyako mwenyewe, kibodi ndogo ina 61, isiyo na namba pembeni ina 87, kubwa kamili ya mpangilio wa Kimarekani ina 104. Ongeza tano au kumi za akiba. Kwenye swichi kimya za bei ndogo kila paketi huwa hazikosi mbili tatu zenye kelele kuliko wenzake, hizo zipeleke kwenye vitufe usivyovigusa, kama F9 au Skroli Loki.

Haya, spesiba. Hapa ndo nitakaa zaidi kwa sababu ukibadilisha swichi zote ukaiacha hii, umefanya nusu ya kazi, na tena itasikika kuliko mwanzo maana vingine vyote vimenyamaza. Chini ya vitufe virefu kuna stebilaiza, vijumba viwili vya plastiki vilivyounganishwa na waya wa chuma ili kitufe kishuke sawa kushoto na kulia. Waya ukicheza ndani ya kijumba, ndo ule mchakacho wa chuma. Dawa yake ni grisi. Wapenzi wa kibodi wanatumia Krytox 205g0, ni nzuri kweli lakini kopo dogo tu linauzwa ghali. Mi nilichotumia kwenye waya ni grisi ya silikoni, ile wanayopaka mafundi kwenye mipira ya breki na plagi, duka la spea za magari wanayo, na nikachukua bomba la sindano duka la dawa.

Ukitaka njia fupi, ng'oa spesiba tu, vuta grisi kwenye bomba, ingiza kidogo pale waya unapoingia kwenye kijumba, bonyeza kijumba mara ishirini hivi grisi isambae, rudisha kepu, sikiliza. Kidogo maana yake kidogo, ukimwaga nyingi kitufe kinakuwa kizito na kinachelewa kurudi. Kwa kibodi nyingi hii peke yake inaondoa sehemu kubwa ya ule mchakacho, na ni dakika kumi. Ukitaka njia ndefu toa stebilaiza zima, chomoa waya, uweke juu ya kioo, ubonyeze ncha moja kwa kidole. Ncha ya pili ikiinuka, waya umepinda, unyooshe taratibu kwa koleo mpaka ulale wote kwenye kioo, halafu paka grisi ncha zote mbili na kuta za ndani za kijumba. Hapo hapo kabla hujarudisha, kata vipande vidogo vya plasta ya kidonda, ile ya kitambaa, ubandike kwenye bodi pale stebilaiza inapogonga, usizibe matundu. Hii plasta watu wanaidharau, jaribu kwanza halafu uniambie.

Usitumie mafuta ya kupaka mwilini, usitumie mafuta ya kupikia, na lile dawa la kupulizia kutu usilisogeze kabisa karibu na swichi. Vinabeba vumbi, vinakauka, na baadhi ya plastiki zinapasuka kwa kemikali hizo. Dar vumbi lipo la kutosha tayari.

Mwangwi wa kasha ni rahisi. Chomoa waya wa kompyuta, fungua skrubu, na angalia ndani, kibodi nyingi za plastiki ni tupu kabisa kule chini. Jaza sponji nyembamba, hata ile inayofungia vifaa vya umeme ndani ya boksi, ikate ifuate umbo, iache nafasi ya waya na matundu ya skrubu. Isizidi unene, ukiona kasha linabinuka unapofunga punguza. Na kama kibodi ina betri ndani, sponji isiibane betri hata kidogo, iache ipumue. Wengine wanabandika maskintepu tabaka mbili tatu nyuma ya bodi, inabadilisha sauti inakuwa nzito na ya kupendeza masikioni mwako, ila kwa jirani sijaona kama inapunguza kitu, kwa hiyo kwa lengo letu la ofisi mi naipita.

Meza ndo kabisa usiisahau. Meza nyingi za ofisi ni mbao za kubandika, nyepesi, zinabeba kila kishindo unachogonga. Weka mkeka mpana wa mausi chini ya kibodi, au kipande cha zulia, mimi kabla sijanunua mkeka nilikunja kanga mara nne nikaweka chini na rekodi ilionyesha tofauti pale pale, jaribio la bure kabisa.

Vipete vya mpira unavyovalisha ndani ya kepu, bei yake ni ndogo na ndo maana vinauzwa sana, ila fahamu vinatuliza kugonga chini tu, kurudi juu kunabaki vile vile, na vinafupisha safari ya kitufe. Kama kibodi yako imelehemiwa na huna mpango wa kuifungua, basi vipete pamoja na grisi ya stebilaiza na mkeka chini vitakusogeza. Kumlipa fundi simu atoe swichi 87 moja moja na kulehemu nyingine inawezekana, kila swichi ina sehemu mbili za lehemu kwa hiyo ni 174 za kufyonza na 174 za kurudisha, piga hesabu ya muda wake kwanza, mara nyingi kibodi nyingine ya hotiswapu inakuja kwa pesa hiyo hiyo.

Na kama unanunua mpya kabisa, tafuta hotiswapu yenye soketi za kawaida hata kama swichi zilizokuja nayo hazikufai, utabadilisha. Keychron wana modeli nyingi za hivo. Mwenye pesa ndefu kuna za Topre kutoka Japani, ndani zina kikombe cha mpira na springi, kuna kibodi zenye swichi hizo zilizotulizwa makusudi kama HHKB Type-S, lakini ukiingia huko swichi huwezi kubadilisha kwa hizi nyingine, umeoa mazima.

Mimi nilipomaliza, swichi kimya, stebilaiza, sponji na mkeka, nikaweka simu tena kwenye kile kiti cha kulia asubuhi kabla hajafika mtu, nikaandika ile aya ile ile. Vitufe vya kawaida havikusikika. Shifti ya kushoto ilikuwa bado inachakarika, nikaing'oa hapo hapo nikaongeza tone moja la grisi.