Juisi ya ukwaju yenye viungo: loweka ukwaju, pika shira, changanya mwisho

Ukwaju huvunwa kiangazi na ukihifadhiwa vizuri hukaa miezi, kwa hiyo hata joto la kaskazi likibana, Desemba hadi Machi, bado unaupata sokoni kwa mafungu. Kosa linaloharibu juisi nyingi ni kuchemsha kila kitu katika sufuria moja. Hapo ukiona ni chachu mno au viungo vimezidi, huna pa kurekebisha. Ukwaju ulowekwe peke yake, viungo vipikwe kwenye shira, vikutane mwishoni.

Kwa takriban lita moja na nusu:

- ukwaju uliomenywa, wenye kokwa, gramu 250
- sukari gramu 250 (kikombe kimoja na robo)
- tangawizi mbichi gramu 30, kama kidole gumba
- iliki punje 6, karafuu 3, mdalasini kijiti kimoja
- pilipili manga ya unga, robo kijiko cha chai
- chumvi kidogo ya kubana kwa vidole viwili
- maji yaliyochemshwa, lita 1.8

Ukwaju mzuri ni wa kahawia inayoelekea wekundu, unabonyea na kunata vidoleni. Uliokauka na kuwa mweusi ni wa zamani, nao hutoa juisi nyeusi isiyo na harufu. Kokwa zikiwa na matundu madogo, wadudu wameshaingia, usiununue.

Hatua ya 1. Suuza ukwaju haraka kuondoa mchanga. Uweke kwenye bakuli la kioo, la udongo au la stili, umwagie lita moja ya maji ya moto, uache dakika 40. Usitumie chombo cha alumini: asidi ya ukwaju hula alumini, na juisi inabaki na ladha ya chuma.

Hatua ya 2. Wakati huo pika shira. Twanga tangawizi kwenye kinu bila kuisaga ikawa uji. Iweke sufuriani pamoja na sukari, karafuu, mdalasini na maji mililita 300, uchemshe kwa moto mdogo dakika 10. Epua, ndipo utie iliki uliyoiponda pamoja na maganda yake, na pilipili manga, kisha funika. Iliki ikichemka muda mrefu, harufu yake yote inaishia hewani jikoni, glasi haipati kitu. Na karafuu zisizidi tatu. Zikizidi hutia ulimi ganzi na kufunika kila ladha nyingine.

Hatua ya 3. Hapa ndipo kazi ilipo. Maji ya ukwaju yakiwa vuguvugu, nawa mikono vizuri uufikiche. Utasikia nyama ikiachia kokwa, na kokwa zenyewe zikiteleza vidoleni kama mawe ya mtoni. Endelea mpaka kokwa zitoke safi na zibaki nyuzi tupu. Chuja kwa chujio la matundu ya wastani, ukisukuma kwa mgongo wa kijiko. Rudisha makapi kwenye bakuli, mimina nusu lita ya maji iliyobaki, fikicha tena, chuja. Mkamuo huu wa pili bado una ladha nyingi, ni hasara kuutupa. Wengi hutaka kuokoa muda kwa blenda. Kokwa zikikatwakatwa humo, juisi inakuwa na uchungu na ukakasi ambao sukari haiuondoi.

Hatua ya 4. Chuja shira. Tia chumvi kwenye ukwaju, kisha mimina shira kidogo kidogo huku ukionja. Simama ikiwa tamu zaidi kidogo kuliko unavyopenda, kwa sababu ikipoa utamu hupungua mdomoni na barafu itaongeza maji. Ikizidi utamu, kamulia ndimu.

Iache kwenye friji angalau saa mbili ili viungo viingie. Utando unaotuama chini ni nyama ya ukwaju, tikisa tu kabla ya kumimina. Barafu nayo iwe ya maji yaliyochemshwa, maana juisi hii haipiti tena motoni.

Ndani ya friji inakaa siku tatu. Ukiona mapovu, au mfuniko ukifyatuka unapoufungua, imechachuka, imwage. Kwa wageni wengi, gandisha ukwaju uliochujwa, bila shira, kwenye vibati vya barafu. Vipande vinne vinatosha glasi moja.